Kipa wa Timu ya Dobi

Fundi miwani alikuwa mtu wa sauti ya chini. Mteja akimkanyaga mguu, yeye ndiye aliyeomba radhi. Duka lake lilikuwa na kabati la kioo lililojaa fremu, kiti cha kupimia macho nyuma ya pazia, na juu ya kaunta kompyuta kuukuu iliyopiga kelele kama feni mbovu. Mchana, wateja wakipungua, aliitumia kompyuta hiyo kuandika makala za ndege katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayosomwa na yeyote na kuhaririwa na yeyote. Alikuwa ameandika juu ya korongo, kunguru, mwewe na vinega, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kugombana na mtu. Ndege hawana wapinzani.

Amani hiyo iliisha siku mama mkwe wake alipoingia dukani ameishika simu mbali na mwili wake, kama mtu aliyemshika panya mkia.

"Mkwe, nasikia wewe ni mmoja wa wanaoandika haya madude."

"Kidogo tu, Mama. Ndege."

"Basi huu uongo kaandika nani?"

Fundi akasogea. Ilikuwa makala ya soka la mji wao. Sehemu ya mwisho ilisema kwamba soka la wanawake mjini lilianzishwa na Chama cha Mpira, chini ya uongozi wa mwenyekiti wake wa sasa.

"Huyo mwenyekiti," alisema mama mkwe, "sisi tukicheza, alikuwa anatuokotea mipira nyuma ya goli langu. Tena mvivu!"

Mama mkwe huyo, mjini walimwita Komeo. Alikuwa amefanya kazi katika dobi ya hospitali kuu tangu usichana hadi kustaafu, na ujanani alikuwa kipa wa Timu ya Dobi: wanawake waliofua mashuka ya wagonjwa mchana, na jioni wakapiga mpira katika kiwanja cha karakana. Jina alipewa kwa sababu mipira haikupita. Mpaka leo vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimepinda, na alipomwekea mtu mkono begani, mtu huyo alikaa.

"Inaweza kurekebishwa, Mama," alisema fundi.

"Rekebisha."

"Nadhani ingependeza ukirekebisha mwenyewe. Mimi nitakuelekeza."

Kusema kweli hakuwa na hamu ya kumwelekeza mtu. Alitaka tu akaunti yake isiingie kwenye ugomvi. Lakini neno lilikuwa limeshamtoka, na mama mkwe alikuwa ameshavuta kiti.

Kumfundisha mama mkwe ni kazi, kwa sababu mwalimu lazima aseme "umekosea," na hilo ndilo neno ambalo mkwe mwenye adabu hana. Fundi alizunguka mbuyu kila mara. Badala ya kumwambia amebonyeza pasipofaa, alisema, "Kile kitufe cha pili nacho si kibaya, Mama." Kipanya kilimkimbia mama mkwe mkononi mpaka akakigandamiza mezani kama anayezuia mpira usivuke mstari. Mwishowe akaunti ikafunguka, akaichagulia jina bila kufikiri mara mbili: Komeo. Kisha akaandika, kwa kidole kimoja na kwa herufi kubwa tupu:

HUU NI UONGO. SISI TULICHEZA KABLA YAO NA TULIBEBA KOMBE.

Akahifadhi. Akajiegemeza nyuma, ametosheka. Fundi hakuwa amemaliza kupangusa lenzi moja pale maneno yale yalipofutwa. Mhariri asiyemjua alikuwa ameyaondoa na kuacha sababu: "Maoni binafsi. Hakuna chanzo."

"Chanzo ni mimi!" alifoka mama mkwe. Mteja aliyekuwa akijaribu fremu mbele ya kioo alizivua na kuziweka chini taratibu.

"Mama, humo ndani mtu hawi chanzo."

"Nilikuwepo!"

"Najua." Fundi akatafuta njia. "Mteja akiingia hapa akaniambia haoni vizuri, mimi namwamini. Lakini siwezi kumkatia lenzi kwa kumwamini tu. Lazima nimpime, na fundi mwingine akimpima apate namba ileile. Nao ndivyo walivyo. Wanataka kitu kilichochapishwa na mtu mwingine, ambacho yeyote anaweza kwenda kukiona."

Mama mkwe akatafakari. Hoja hiyo haikumpendeza, lakini aliielewa.

"Halafu kuna jambo jingine," aliongeza fundi kwa woga. "Watasema una upande."

"Nilikuwa kipa, mkwe! Kipa asiye na upande ni wa nini?"

"Kuwa na upande si kosa, Mama. Kosa ni kuuficha."

Hilo lilimwingia. Siku ileile, kwenye ukurasa unaomtambulisha kila mhariri, aliandika: "Mimi nilikuwa kipa wa Timu ya Dobi ya hospitali kuu. Nina upande na sifichi. Kila ninachoandika kikaguliwe." Fundi aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kwenye ukurasa wake mwenyewe alikuwa ameandika tu kwamba anapenda ndege.

Jumamosi iliyofuata walikwenda maktaba kuu, fundi, mkewe na mama mkwe. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuja kwa sababu alijua mumewe hangeweza kumzuia mama yake asigombane na mkutubi. Katika chumba cha magazeti ya zamani waligawana majalada makubwa yaliyofungwa kwa uzi na kunuka vumbi, wakafunua kurasa mpaka vidole vikawa vyeusi. Mama mkwe aliukumbuka mwaka na majira. Siku ndiyo hakuikumbuka.

Mkewe ndiye aliyeiona. Hakupiga kelele. Alimgusa mumewe kiwiko tu, naye akainama asome.

Haikuwa kwenye kurasa za michezo. Ilikuwa kwenye safu ya vichekesho. "Madobi wa hospitali kuu, badala ya kufua mashuka, juzi kwenye kiwanja cha karakana waliwafua wenzao wa kiwanda cha nyuzi mabao manne kwa bila na kutwaa kombe la wanawake wa sehemu za kazi. Tunawahurumia waume zao: sijui walikula nini usiku huo. Kipa wao ana mikono kama makasia; ole wake atakayemposa." Chini yake palikuwa na picha ya wanawake kumi na mmoja na kombe. Jina halikuandikwa hata moja.

"Nipeni," alisema mama mkwe.

Alisoma akiwa amesimama.

"Gazeti hili," alisema hatimaye, "lilisomwa kwa sauti kwenye dobi. Msimamizi wetu alilisoma yeye mwenyewe, huku akicheka. Mshambuliaji wetu wa kati, mume wake alilisoma pia. Mwenzetu hakurudi tena uwanjani. Baada ya hapo mmojammoja, mmojammoja, mpaka nikabaki kipa bila timu." Akalifunga jalada. "Nakala yangu niliichoma; leo nilitumaini tungeona gazeti jingine. Na hii siiweki popote. Bora wasitujue kabisa."

Akatoka nje. Mkewe alimfuata. Fundi alibaki akaandika jina la gazeti, tarehe na ukurasa, kisha akalirudisha jalada mahali pake.

Mama mkwe hakuonekana dukani kwa muda. Fundi alirudi kwa ndege wake, na alijichukia kidogo kwa jinsi alivyohisi nafuu. Alikuwa katikati ya makala ya tai mlango uliposukumwa kwa bega.

"Nilikuwa kwa Winga," alisema mama mkwe, hata hajaketi. Winga alikuwa rafiki yake wa siku zile, mwanamke mwembamba ambaye sasa alitembea kwa mkongojo kwa sababu ya nyonga. "Nimemwambia lile gazeti lipo. Nilidhani atalia. Unajua kasema nini? Kasema, 'Kumbe yalikuwa manne! Mimi miaka yote hii nawaambia watu matatu!' Kacheka mpaka kakohoa." Akavuta kiti. "Walitucheka, mkwe, lakini walihesabu mabao. Sasa fungua hiyo mashine."

Wakaanza kuandika. Mama mkwe aliandika kwamba Timu ya Dobi ilishinda "kwa ujasiri usio na kifani." Fundi akakohoa.

"Nini?"

"Gazeti halikusema hivyo, Mama."

"Gazeti lilisema nina makasia!"

"Ndiyo maana tunachukua yale yanayoweza kukaguliwa tu. Nani alicheza, wapi, lini, mabao mangapi. Sifa tunaziacha, na matusi tunayaacha."

Alifuta, akaandika, akafuta. Alipomaliza alisoma kwa sauti na kukunja uso. "Sentensi zimekauka kama shuka lililopigwa pasi."

"Ndivyo zinavyotakiwa."

"Basi hilo naliweza. Shuka la hospitali likiwa na kunyanzi moja, unalirudia lote." Na kweli aliirudia yote, kisha akajifunza kuweka tanbihi: kinamba kidogo mwisho wa sentensi, na chini kabisa jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Kinamba kilipojitokeza chenyewe kwenye kioo, alikigusa kwa kidole chake kilichopinda.

Maneno yale yalidumu hadi kesho yake. Akaunti iitwayo Mpira Safi iliyafuta yote: "Kichekesho cha gazeti si historia." Fundi aliyarudisha mara moja, kwa akaunti ya mama mkwe, yeye akiwa ameketi pembeni. Mpira Safi akafuta tena.

"Rudisha!" alisema mama mkwe. "Rudisha, nami nitakesha hapahapa!"

"Hapana, Mama." Lilikuwa neno fupi, na lilimshtua fundi mwenyewe. "Tukivutana hivi tutafungiwa wote wawili. Kuna ukurasa wa majadiliano. Tunakwenda kusema pale, mbele ya watu."

Mama mkwe akakivuta kibodi. Aliandika bila kumuuliza mtu, na safari hii fundi hakukohoa: "Gazeti lilicheka, ni kweli. Lakini mtu hawezi kucheka mechi ambayo haikuchezwa. Uwanja umetajwa, timu zimetajwa, mabao yamehesabiwa. Ondoeni kicheko chote, mechi inabaki palepale. Mimi nimeshasema mimi ni nani. Wewe Mpira Safi, ni nani?"

Wahariri wengine wakaanza kujitokeza. Yule wa kwanza kabisa, aliyemfuta kwa kukosa chanzo, alisema kwamba sasa chanzo kipo na kinatosha. Mwingine alitaka kwanza kuliona gazeti. Mpira Safi alirudia kwamba mji mzima unamjua mwanzilishi wa soka la wanawake. Kuhusu yeye ni nani, hakujibu.

Jibu liliingia dukani kwa miguu yake. Msemaji wa Chama cha Mpira alikuwa mtu nadhifu, koti lenye nembo ya chama kifuani, na tabasamu la kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema macho yanamsumbua. Fundi alimkalisha kwenye kiti, akavuta pazia na kuwasha taa ya chati.

"Ndugu yangu," alisema msemaji akiwa amefunika jicho moja, "kuna hii sherehe yetu ya kuadhimisha soka la wanawake. Wachezaji wengi, vikosi vyote, wangehitaji kupimwa macho. Nikawaza, kwa nini kazi tuipeleke mbali?"

"Soma mstari wa tatu."

Akausoma. "Nawe nasikia kule kwenye kamusi wanakuheshimu sana, kwa ajili ya ndege. Ungesema neno moja tu. Kwamba ile makala imevurugwa na bibi mmoja mwenye uchungu wake. Basi."

Fundi alibadilisha lenzi katika fremu ya kujaribia.

"Kwa hiyo Mpira Safi ni wewe."

"Ni ofisi," alisema msemaji.

"Soma mstari wa chini."

Msemaji akakodoa. Hakuweza.

"Unahitaji miwani ya kuonea mbali," alisema fundi. "Nitakutengenezea nzuri, kama ninavyomtengenezea mtu yeyote. Lakini neno hilo silisemi. Bibi unayemtaja ni mama wa mke wangu, na mabao alikuwa akiyazuia, si kuyabuni."

Tabasamu likapotea. "Mjini hapa watu wa mpira ni wengi, fundi. Kumbuka unauza nini."

"Na wenye macho mabovu ni wengi zaidi," alisema fundi, akavuta pazia.

Msemaji alipotoka, fundi alizima taa ya chati. Kisha akaenda kwenye kompyuta. Kanuni za kule hazikuruhusu kumwanika mtu hadharani, kwa hiyo aliwaandikia wasimamizi kwa faragha akawaeleza yaliyotokea dukani. Halafu, kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa akaunti yake ya ndege, akaandika mbele ya wote: "Mimi ni mkwe wa mhariri Komeo, na ndimi niliyemfundisha. Gazeti nimelisoma kwa macho yangu maktaba kuu. Ukurasa ni huo alioutaja. Nami nina upande. Hata hivyo mabao ni manne."

Jioni mkewe aliyasoma hayo kwenye simu yake mezani, akamtazama mumewe kana kwamba amemwona kwenye runinga. "Baba watoto, leo umekula nini?"

Wasimamizi walimuuliza Mpira Safi kama analifanyia kazi shirika lolote. Baada ya kuzunguka sana alikiri, akazuiwa kuigusa makala ile. Sentensi mpya ikakubaliwa: chama kilianzisha ligi rasmi ya wanawake, lakini kabla yake wanawake wa sehemu za kazi walikuwa wakicheza, na Timu ya Dobi ya hospitali kuu ilitwaa kombe kwa mabao manne kwa bila. Kinamba kidogo mwisho.

Mama mkwe aliisoma akiwa amesimama kaunta. Fundi alingoja furaha. Haikuja.

"Majina yetu yako wapi?"

"Gazeti halikuandika majina, Mama."

"Kwa hiyo tumecheza, ila hatujulikani ni akina nani."

Alijaribu. Aliandika majina yote kumi na moja kwenye ukurasa wa majadiliano, na wahariri wakamjibu kwa upole, lakini wakamjibu hapana: hakuna chanzo. Alibishana nao kwa hoja, sasa akizijua kanuni zao kuliko wengine kati yao, na akashindwa. Fundi alidhani yameishia hapo. Hakuwa amemjua vizuri mama mkwe wake.

Siku ya sherehe ya chama, ukumbi ulipambwa kwa vitambaa, na bango lenye picha ya mwenyekiti lilitanda ukutani. Wanawake wa Timu ya Dobi hawakualikwa. Walifika saba, waliokuwa hai na wenye kuweza kutoka nyumbani, Winga akiwa wa mwisho na mkongojo wake. Fundi na mkewe walikuwa nyuma yao. Wote saba walikuwa wamejifunga mitandio mipana mabegani.

"Mna kadi?" aliuliza mlinzi wa mlangoni.

"Tuna miguu," alisema Komeo, akapita.

Wakaketi mstari wa mbele kabisa. Kijana wa itifaki alikuja mbio akasema viti hivyo ni vya wageni rasmi. Komeo akamwekea mkono begani. "Mwanangu, tumeshakaa. Ukituinua itabidi utubebe, na Winga hapa ana nyonga." Kijana aliwatazama wapiga picha waliojipanga chini ya jukwaa, akaenda kutafuta viti vingine.

Mwenyekiti alipanda. Alishukuru huyu, alishukuru yule. Kisha akafika pale walipokuwa wakipangojea: "…mimi, niliyelianzisha soka la wanawake katika mji huu…"

Komeo akasimama. Wenzake wakasimama mmojammoja, magoti yakilia, Winga akishikwa na wawili. Wakageuka, wakampa mwenyekiti mgongo, na kuvua mitandio. Kwenye mgongo wa kila gauni palikuwa na jina kamili la mwenye nalo, limeshonwa kwa kitambaa cheupe, kubwa kiasi cha kusomeka toka mbali, na chini ya jina nafasi aliyocheza. Migongo yote ilitazama jukwaani, na chini ya jukwaa walikuwepo wapiga picha.

Mwenyekiti alisema, "Tuendelee," akafunua ukurasa uliofuata. Nyuma, wachezaji wa ligi waliokuja na jezi zao walinong'onezana. Mmoja akasimama, msichana mwenye glavu za kipa kiunoni, kisha safu yake yote. Fundi miwani naye alikuwa amesimama. Hakukumbuka alisimama lini. Walikaa hivyo, wazee wamempa mgongo, vijana wamewatazama wazee, mpaka mwenyekiti akakunja karatasi zake na kushuka.

Gazeti la asubuhi lilichapisha picha ile ukurasa wa michezo, na chini yake majina, yote waliyoweza kuyasoma. Yalikuwa sita, na sasa yalikuwa na chanzo. Winga alikuwa pembeni kabisa, na ukingo wa picha ulikuwa umemkata. Palionekana bega lake tu na mkongojo.

Fundi alifungua duka mapema akijua mama mkwe atakuja mbio na gazeti mkononi. Hakuja. Mkewe ndiye aliyepiga simu.

"Mama yuko ofisi ya gazeti," alisema. "Yeye na Winga. Wameketi mapokezi, na Mama amewaambia hawaondoki mpaka mhariri ashuke mwenyewe aandike jina la saba."

"Mhariri kashuka?"

"Bado. Ila wameshaletewa chai."